SHERIA NI MSUMENO, HATA BARABARANI

Wako Wakenya wengi ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa Bunge, wala kusimama mbele ya jaji wa Mahakama Kuu, wala kufunguliwa mlango wa afisi ya waziri. Lakini hakuna Mkenya ambaye hajawahi kukutana na serikali barabarani. Hukutana nayo asubuhi, akiwa amebanwa ndani ya matatu, utingo anapoikunja noti na kuiteremsha katika kiganja cha askari. Hukutana nayo adhuhuri, anaposukumwa kando ya njia ili msafara wa mkubwa upite kwa vishindo na ving'ora. Hukutana nayo jioni, nauli inapopanda kwa sababu mafuta yamepanda, na mafuta yamepanda kwa sababu tozo imeongezwa mahali fulani ambapo yeye hakuulizwa. Basi anayetaka kujua mwananchi wa kawaida ana maoni gani juu ya utawala wa nchi hii, asianze na hotuba za majukwaani. Amsikilize abiria.

Maoni ya abiria huyo yanajulikana na kila mmoja wetu, kwani tunayasikia kwenye vituo vya matatu, kwa vinyozi, na katika ua wa kanisa baada ya ibada. Kwanza, husema kwamba siasa ni mali ya wenye magari makubwa, na kwamba sheria hutungwa kwa ajili ya wanaokwenda kwa miguu na kwa matatu. Pili, husema kwamba kanuni za barabarani ni nyavu zilizotegwa ili kunasa hongo, si kuokoa maisha. Tatu, kutokana na hayo mawili, huhitimisha kwamba heri tuachiwe tujiendeshee wenyewe, kila mtu na usukani wake, kuliko kuletewa kanuni nyingine mpya.

Jarida hili halitamdharau mwananchi huyo. Maoni yake ya kwanza na ya pili yana ushahidi wa miaka mingi. Lakini hitimisho lake la tatu ni hatari kwa taifa, na ni hatari zaidi linapotoka vinywani mwetu sisi tunaojiita watetezi wa mageuzi. Hatukupigania vyama vingi ili tuishi bila sheria. Tulipigania sheria inayotungwa mchana, inayojulikana na wote, na inayomfunga mkubwa kama inavyomfunga mdogo. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno unaokata upande mmoja tu umekwisha kuwa panga.

Amri ya mdomo

Tuangalie kwanza jinsi barabara zetu zilivyotawaliwa. Matatu zilianza kama magari ya magendo yaliyowachukua wakazi wa mitaa ya wanyonge ambako mabasi yenye leseni hayakufika vya kutosha. Simulizi inayokubaliwa na wengi husema jina lenyewe lilitokana na nauli ya senti thelathini, vipande vitatu vya senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitamka kwamba magari hayo yaruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi iliyotakiwa kwa mabasi. Wanyonge walishangilia, na walikuwa na sababu. Walakini lile lilikuwa tamko la Rais, si sheria ya Bunge. Neno moja liliwaondolea wenye magari mzigo wa leseni, na pamoja na mzigo huo likaondoa usimamizi ambao ungemlinda abiria. Ilipita miaka 11, hadi mwaka 1984, ndipo sheria ya trafiki ikarekebishwa ili matatu zitambuliwe rasmi, zikaguliwe na kupewa leseni.

Kilichotolewa kwa neno la mtu mmoja huweza kunyang'anywa kwa neno la mtu mmoja. Wenye matatu walipojiunga katika chama chao na kugoma, chama hicho kilipigwa marufuku mwaka 1988. Wasomaji wetu wazee watakumbuka kwamba mwaka huohuo ndio wapiga kura walipopangwa mlolongo nyuma ya wagombea, na mahali pengi mwenye mstari mfupi akatangazwa kuwa ndiye mshindi. Hayo hayakuwa mambo mawili yasiyohusiana. Utawala unaoweza kuhesabu mstari mfupi na kuuita mrefu hauwezi kuvumilia chama cha madereva kinachojua kuhesabu.

Ndiyo maana haikuwa ajabu kwamba mwaka 1990 mageuzi yalipanda matatu. Katika majuma yaliyozunguka Saba Saba, tarehe 7 Julai mwaka huo, madereva walipiga honi na abiria wakanyoosha vidole viwili madirishani. Kanda za nyimbo zilizosimulia mateso ya wanyonge zilichezwa ndani ya magari, nao polisi wakawakamata watu kwa ajili ya kanda hizo. Serikali iliyoshindwa kukagua breki za matatu ilipata nguvu za kukagua nyimbo zake. Hapo mwananchi alifundishwa somo ambalo hajalisahau: kwamba askari hasimamishi gari kwa sababu ya usalama wa aliyemo ndani.

Enzi hiyohiyo ilitupatia pia ahadi za magari. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na mwaka 1990 magari machache ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa kwa shangwe kubwa. Wahandisi wetu walifanya kazi ya kusifiwa, lakini gari halikufika sokoni. Mabasi ya Nyayo nayo, yaliyoanza mwaka 1986 na kupendwa kwa nauli yake nafuu, yalikuwa yamesambaratika kufikia katikati ya miaka ya 1990 kwa usimamizi mbovu. Hatusemi kwamba nia zote zilikuwa mbaya. Tunasema kwamba kitu kinachoanzishwa kwa agizo, bila hesabu iliyo wazi na bila msimamizi anayeweza kuulizwa na raia, hufa siku agizo jingine linapochukua nafasi yake.

Je, baada ya KANU kuondoka madarakani mwaka 2002 tuliacha tabia hiyo? Tuwe wakweli. Waziri John Michuki alitoa kanuni zake katika Tangazo la Kisheria nambari 161 la mwaka 2003, zikaanza kutekelezwa Februari 2004. Ziliagiza mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, sare za madereva na watingo, na idadi ya abiria isiyozidi viti. Kanuni hizo zilichapishwa, zilijulikana na kila mtoto wa shule, na zilimgusa mwenye matatu awe ni mkulima au ni afisa wa polisi anayemiliki gari kwa siri. Kwa muda abiria alipumua, akaketi kama binadamu, na utaratibu ukaonekana mahali ambapo watu walikuwa wamekata tamaa. Huo ni ushahidi kwamba Mkenya hachukii sheria. Anaipenda anapoiona ikifanya kazi.

Lakini kanuni zile zilibebwa na mabega ya mtu mmoja. Alipohamishiwa wizara nyingine zilianza kulegea, hata ikafika Novemba 2018 serikali ikatangaza kwamba kanuni za Michuki sasa "zinarejeshwa". Mwanasheria yeyote atauliza: sheria ambayo haikufutwa hurejeshwaje? Jibu ni kwamba haikuwa imefutwa katika vitabu, bali ilikuwa imeuzwa barabarani, kipande kwa kipande, asubuhi na jioni. Mwezi uliofuata, tarehe 3 Desemba 2018, serikali ya kaunti ya Nairobi ilizifukuza matatu katikati ya jiji. Wafanyakazi, wagonjwa na akina mama wenye watoto mgongoni wakatembea maili kwa maili. Kilio kilipozidi, amri ikasimamishwa upesi kama ilivyotolewa. Amri inayotoka asubuhi na kurudi nyumbani jioni haimfundishi mtu kutii. Humfundisha kusubiri.

Gari la mkubwa

Sasa twende kwenye malalamiko ya kwanza, ya magari makubwa. Lugha yetu ina neno la zamani kwa watawala wa Afrika baada ya uhuru: wabenzi. Neno hilo halikutungwa na wapinzani. Lilitungwa na watu waliosimama kando ya njia wakapigwa vumbi.

Sheria ya trafiki, Sura ya 403, inatambua kwamba yapo magari yanayostahili kupishwa: la wagonjwa, la zima moto na la polisi walio kazini. Sababu yake ni tukufu, nayo ni kwamba roho ya mtu iko hatarini. Lakini kila mkazi wa jiji ameona magari yasiyo ya wagonjwa wala ya moto yakiwasha taa za rangi na ving'ora, yakipanda ukingo wa waendao kwa miguu, au yakikata upande usio wao. Bunge lenyewe liliirekebisha sheria mwaka 2012 na kufanya kosa la kuendesha gari juu ya njia ya waendao kwa miguu kuwa na faini ya hadi shilingi 30,000 au kifungo kwa anayekosa mara ya kwanza. Basi tunauliza bila uchungu: ni wakubwa wangapi waliokwisha kulipa faini hiyo? Askari atamsimamisha mwenye bodaboda kwa kukosa kofia, na yuko sahihi. Lakini mkono huohuo unaomsimamisha huyu hupiga saluti kwa yule anayepita juu ya ukingo wa njia.

Mwaka 2009 Wizara ya Fedha ilitangaza katika bajeti kwamba mawaziri na maafisa wakuu watumie magari yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,800. Nchi nzima ilicheka na kufurahi kuona mheshimiwa akiteremka katika gari dogo. Ni kweli fedha zilizookolewa zilikuwa tone tu katika bahari ya bajeti. Hata hivyo, kwa mara moja mwananchi aliona kanuni iliyoanzia juu ikishuka chini, badala ya kuanzia chini na kuishia chini. Kilichokosekana ni msingi. Agizo lile halikuwa sheria ya Bunge, na baada ya muda magari makubwa yakarejea, yakiwa makubwa kuliko yale ya awali. Samaki huoza kuanzia kichwani, na dawa nayo haina budi kuanzia huko.

Sisi Wakristo hatuna kisingizio cha kutoelewa jambo hili. Bwana wetu aliwakemea walimu wa sheria wa zama zake kwa kuwatwisha watu mizigo ambayo wao wenyewe hawakuwa tayari kuigusa. Hakuikataa Torati. Aliwakataa wenye kuitumia Torati kama ngazi ya kupandia mabegani mwa wengine.

Bei ya noti iliyokunjwa

Malalamiko ya pili ni ya hongo. Twaliita jambo hili chai, twaliita kitu kidogo, na kwa majina hayo laini tumelitakasa. Hebu tulitazame kama wakili anavyotazama mkataba, tuulize nani anauza, nani ananunua, na bidhaa ni ipi.

Anayenunua ni mwenye gari. Anayeuza ni askari. Bidhaa ni nini? Si wakati wa askari, wala si hisani yake. Bidhaa ni haki ya abiria kufika salama. Gari limezidisha watu wanne, tairi limekwisha, kidhibiti mwendo kimekatwa waya. Sheria ilimweka askari pale kama mlinzi wa abiria, naye ameuza zamu yake ya ulinzi. Bei yake italipwa na nani? Na abiria yuleyule, kwani mwenye gari ataijumlisha katika nauli ya siku. Kwa hiyo abiria hulipa mara mbili: kwanza kwa fedha, na siku ya ajali kwa damu. Naye hukaa kimya dirishani, akitazama pembeni kana kwamba hilo halimhusu.

Hapa pana sheria ambayo kila msomaji wetu yampasa kuijua. Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inasema mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Inasema pia afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa saa hizo zinaishia nje ya saa za kazi. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi ya barabarani ni ya namna hiyo. Dereva anayetishwa kwamba atalala korokoroni hadi Jumatatu kwa ajili ya taa iliyoungua anatishwa kwa uongo, na hofu ya uongo huo ndiyo mama wa hongo. Anayeijua sheria yake hatoi hongo kwa woga. Akitoa, ametoa kwa kutaka, na hapo yeye naye ni mkosaji.

Tuongeze kwamba kanuni mbovu ni rafiki wa mkosaji. Mwaka 2011 zilitolewa kanuni za kupima pumzi za madereva ili kuwanasa walevi. Nia ilikuwa njema, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliona kwamba kanuni hizo zilipingana na sheria mama iliyozizaa. Aliyefaidika ni nani? Ni mlevi mwenye usukani. Wanaosema kwamba utaratibu wa kutunga sheria ni urasimu wa mawakili unaochelewesha usalama, wakumbuke jambo hilo. Kanuni iliyotungwa kwa pupa huanguka kortini, na inapoanguka huwaangukia wasio na hatia.

Mwaka 2024 ulitufunza nini

Mwaka 2024 serikali ilileta Mswada wa Fedha uliokuwa na pendekezo la kodi ya magari: asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Wengi walipiga kelele kwa sababu ni kodi mpya. Ni wachache waliopiga hesabu yake. Mwenye gari la shilingi milioni 4 angelipa 100,000. Mwenye gari la milioni 40 angelipa hizohizo 100,000, yaani robo ya asilimia moja. Naye fundi mwenye kigari kikuukuu cha shilingi 100,000 angelipa 5,000, ambazo ni asilimia 5. Kodi ilikuwa nzito kwa mwenye kigari, nyepesi kwa mwenye kasri la magurudumu manne. Abiria wetu aliyesema sheria hutungwa kwa ajili ya wadogo hakuwa na haja ya ushahidi mwingine. Hesabu ya darasa la sita ilimtosha.

Pendekezo hilo liliondolewa tarehe 18 Juni 2024, na baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni, ambamo vijana wetu waliuawa, mswada wote ukaondolewa. Damu ile isisahauliwe, na waliofyatua risasi wangali wanadaiwa na sheria. Lakini tusilale. Mwezi uliofuata, Julai 2024, nchi ikiwa bado katika maombolezo, tozo ya kukarabati barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Tozo hiyo haikupitia mlango uleule wa Mswada wa Fedha. Ilipitia mlango wa agizo la waziri. Na dizeli ndiyo maji ya uhai ya matatu, ya trakta na ya lori la mboga, kwa hiyo hata bibi kizee asiyemiliki baiskeli huilipa tozo hiyo katika nauli na katika bei ya kabichi.

Funzo ni hili. Vijana wetu waliulinda mlango mkubwa kwa ushujaa, ilhali mlango mdogo ulikuwa wazi. Mkereketwa wa mageuzi anayesoma miswada bila kusoma Gazeti Rasmi la Serikali ni mlinzi anayelinda lango huku ua umebomoka.

Barabara na ukweli

Liko jambo zito kuliko fedha. Mwezi wa Agosti 1990 waziri mmoja wa serikali, Peter Okondo, alimwonya hadharani Askofu Alexander Muge wa Eldoret asithubutu kwenda Busia, na kwamba akienda huenda asitoke hai. Askofu alikwenda. Tarehe 14 Agosti, akirejea nyumbani, gari lake liligongana na lori, akafa. Waziri alijiuzulu, na dereva wa lori akafungwa. Lakini kizazi kizima cha Wakenya hakijaamini hadi leo kwamba ukweli wote ulisemwa.

Hatuandiki haya ili kutoa hukumu ambayo hakuna mahakama iliyoitoa. Twayaandika kwa sababu yanaonyesha kitu ambacho nchi hupoteza sheria inapokuwa mali ya wakubwa. Katika nchi yenye sheria, ajali huchunguzwa, ripoti husomwa, na wafiwa huzika kwa moyo mzito lakini uliotulia. Katika nchi ya vitisho, hata ajali haiwezi kuaminika kuwa ni ajali, na wafiwa huzika wakiwa na swali. Serikali inayoichezea sheria asubuhi haiwezi kuaminiwa jioni, hata ikisema kweli. Hiyo ndiyo hasara isiyoandikwa katika bajeti yoyote.

Heri tuachiwe?

Sasa tumrudie abiria na hitimisho lake: heri tuachiwe tujiendeshee. Twamjibu kwa heshima: hapana, ndugu. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi kati yao ni waendao kwa miguu. Ni mwanafunzi, ni mama anayetoka sokoni, ni mlinzi anayerudi nyumbani alfajiri. Mwenye gari kubwa ana chuma cha kumlinda. Mwenye miguu hana kinga yoyote ila sheria. Kanuni zikiondolewa, mwenye nguvu hatapungukiwa na kitu. Barabara isiyo na sheria ina sheria moja tu, nayo ni ile ya kusema mwenye nguvu mpishe, na hiyo ndiyo iliyotutawala katika siasa hadi Kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991. Hatukukikataa chama kimoja bungeni ili tukikubali barabarani.

Kwa hiyo madai yetu si kupunguziwa sheria. Twadai sheria iwe sheria. Nasi twayaweka madai hayo wazi:

1. Kila kanuni ya barabarani, kila tozo na kila agizo la waziri litangazwe kabla, lijadiliwe na wananchi, na liwekwe mbele ya Bunge katika siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa, kama inavyotaka sheria ya mwaka 2013 inayosimamia kanuni za aina hiyo. Kanuni isiyofikishwa Bungeni kwa wakati ni batili, na wananchi waseme hivyo bila woga.

2. Ving'ora na taa za dharura viwe vya magari yaliyotajwa na sheria pekee. Mheshimiwa anayechelewa mkutano na aamke mapema kama mwalimu na mfanyakazi wa kiwandani.

3. Faini zote zilipwe kwa njia yenye risiti, na askari asipokee fedha taslimu barabarani kwa sababu yoyote ile. Orodha ya makosa na faini ibandikwe ndani ya kila matatu kwa Kiswahili, mahali abiria anapoweza kuisoma.

4. Hesabu ya tozo ya barabara ichapishwe kwa kila kaunti, ili mwananchi aliyelipa aone daraja, kivuko na njia ya waendao kwa miguu alivyovilipia.

5. Maafisa wa serikali wenye kumiliki matatu waweke umiliki huo hadharani. Haiwezekani mtu mmoja awe mwenye gari, mkaguzi wake na hakimu wake.

Hayo ni madai kwa watawala. Lakini liko dai moja kwetu sisi wenyewe, na hilo halingojei Bunge. Kanisa lina waumini katika kila matatu inayotoka kituoni. Abiria wote wangesema kwa sauti moja, "Dereva, usitoe, tutangoja," biashara ile ingeanguka. Watasema tutachelewa kazini. Ni kweli, tutachelewa. Mchungaji Timothy Njoya alipohubiri siku ya Mwaka Mpya 1990 kwamba upepo uliozing'oa serikali za chama kimoja Ulaya ya Mashariki utatufikia, alitukanwa na kutishwa, naye hakuwa na hakika kwamba angeungwa mkono. Wako waliowekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka ili sisi tuwe na sauti. Je, sisi hatuwezi kuchelewa nusu saa?

Vikundi vya haki na amani katika parokia na makanisa ya mitaa vianze na jambo dogo. Mtu mmoja katika kila kikundi asome Gazeti Rasmi kila Ijumaa na kuwaeleza wenzake yaliyomo. Mwingine ajifunze Kifungu cha 49 na kuwafundisha madereva na watingo wa kituo chao, kwani nao ni watu wa Mungu na wengi wao hutoa hongo kwa sababu ya hofu kuliko uovu. Mwingine aandike nambari za magari yanayopanda ukingo wa njia, tarehe na saa, na ayafikishe kwa barua iliyotiwa sahihi, nakala ikihifadhiwa. Barua moja hutupwa. Barua mia moja kutoka parokia kumi huulizwa swali Bungeni.

Watawala wetu wanajua kungojea maandamano yapite. Hawajui bado la kufanya na wananchi wanaojua sheria, wanaohesabu, na wanaoandika. Tuwape jambo hilo jipya la kulifikiria. Na siku itakapofika ambapo mkubwa atasimamishwa na askari kijana, akaombwa leseni yake kwa adabu, akalipa faini na kupewa risiti, siku hiyo hatutahitaji kuuliza kama mageuzi yamefika. Abiria atatuambia.